Tumtunze Kasa Ili Arudi Tena

Watu wa pwani wanamjua kasa. Watu wengi wa bara hawajamwona, lakini wanamjua ndugu yake wa nchi kavu, yaani kobe. Wote wawili wana gamba gumu mgongoni. Wote wawili hutaga mayai. Wote wawili huishi miaka mingi. Lakini kobe ana miguu ya kutembelea, na kasa ana miguu bapa kama makasia. Kobe akitishwa huingiza kichwa ndani ya gamba. Kasa hawezi kufanya hivyo. Kinga yake ni kuogelea na kwenda mbali.

Katika bahari ya Tanzania huonekana kasa wa aina tano. Siku hizi wanaotaga katika fukwe zetu kwa kawaida ni wa aina mbili tu. Wa kwanza ni yule ambaye wavuvi wengi humwita kasa, basi. Mafuta ya mwili wake yana rangi ya kijani. Wa pili ni ng'amba. Huyu ana mdomo uliochongoka kama wa mwewe, na gamba lake lina madoa mazuri. Makala hii inamhusu zaidi yule wa kwanza, lakini mengi tutakayosema yanamhusu ng'amba pia.

Kwa nini tuzungumze habari za kasa? Ziko sababu mbili kubwa. Kwanza, anayekula nyama ya kasa anaweza kufa. Pili, kasa wakipungua hawaongezeki upesi. Mtoto wa mtu aliyezaliwa kijijini mwaka huu atakua, atasoma, ataoa au kuolewa, na huenda atapata watoto wake, kabla kasa aliyeanguliwa mwaka huu hajaanza kutaga. Jambo hili tulishike vizuri, maana ndilo kiini cha habari yote.

MAISHA YA KASA

Kasa mzima ana gamba lenye urefu wa meta moja, au zaidi kidogo. Uzito wake unaweza kufika kilo 150. Hiyo ni sawa na gunia moja na nusu la mahindi.

Kasa akiwa mchanga hula vidudu vidogo vya baharini pamoja na mimea. Akikua, chakula chake kikubwa ni majani ya bahari na mwani. Huyala majani hayo kama ng'ombe anavyolisha malishoni. Majani yakiliwa, huchipua tena machanga. Na katika majani hayo ndimo wanamokulia samaki wengi, kama tafi na changu, na kamba pia.

Kasa huishi majini, lakini anavuta hewa kama sisi. Hana matamvua kama samaki. Akipumzika chini ya maji anaweza kukaa muda mrefu, hata zaidi ya saa moja. Lakini akihangaika, hewa yake huisha upesi. Ndiyo sababu kasa aliyenaswa katika wavu hufa maji.

Dume na jike hufanana wakiwa wadogo. Wakikomaa, dume huwa na mkia mrefu na mnene. Mkia wa jike ni mfupi. Dume wa pwani zetu hukaa baharini maisha yake yote. Jike peke yake ndiye hupanda ufukoni, tena kwa kazi moja tu, kutaga.

USIKU WA KUTAGA

Kasa hutaga usiku. Katika visiwa vya Mafia wengi hutaga wakati wa masika. Jike hungoja giza, kisha hujikokota kutoka majini. Anakwenda polepole, maana mwili wake ni mzito na miguu yake haikuumbwa kwa kutembea. Akiona taa, akisikia kishindo au akimwona mtu, mara nyingi hugeuka na kurudi baharini bila kutaga.

Akiona pametulia hupanda hadi juu, mahali ambapo maji ya bamvua hayafiki. Huchimba shimo kwa miguu ya nyuma. Hutaga mayai kama mia moja hivi, meupe na ya mviringo. Kisha hufukia shimo, hutawanya mchanga juu yake ili kuficha mahali hapo, na kurudi majini. Hatawaona watoto wake.

Watu husema kasa hulia wakati wa kutaga. Ni kweli machozi humtoka, lakini si kwa uchungu. Kasa anakunywa maji ya bahari, na karibu na macho yake kuna tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Anapokuwa majini machozi hayo hayaonekani.

Baada ya wiki mbili hivi jike hurudi kutaga tena. Katika msimu mmoja anaweza kutaga mara tatu, nne, tano au zaidi. Kisha huenda zake malishoni, pengine mbali sana. Hatataga tena mpaka ipite miaka miwili, mitatu au zaidi.

Jambo la ajabu ni kwamba kasa hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa. Anajuaje njia? Wataalamu wamegundua kwamba kasa anaweza kuhisi nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayougeuza mshale wa dira. Anapozaliwa hushika alama ya kwao. Akikomaa hufuata alama hiyo. Kwa hiyo kasa wa pwani fulani wakiisha, si rahisi wa pwani nyingine kuja kuchukua nafasi yao.

WATOTO WANATOKA

Mayai hukaa mchangani kwa siku 55 hadi 60 hivi. Jua ndilo linaloyapa joto. Tena joto hilo ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa dume au jike. Mchanga ukiwa na joto la nyuzi 29 hivi, hutoka madume na majike. Joto likizidi hapo, wengi huwa majike. Likipungua, wengi huwa madume.

Siku hizi dunia inazidi kuwa na joto, na jambo hili linatia wasiwasi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba, katika kundi moja kubwa la kasa wa kaskazini mwa Australia, karibu wadogo wote walikuwa majike. Ikiendelea hivyo, majike watapata wapi madume? Miti na vichaka vilivyo juu ya ufuko husaidia, maana hutia kivuli mchangani.

Watoto huanguliwa pamoja na kuchimba pamoja mpaka juu. Kwa kawaida hutoka usiku, mchanga unapopoa. Kila mmoja ni mdogo kuliko kiganja cha mtoto. Hukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Tangu zamani upande huo ulikuwa bahari, maana maji huakisi nuru ya nyota na mwezi. Lakini kukiwa na taa kali za nyumba au hoteli nyuma ya ufuko, watoto hupotea njia. Huenda bara badala ya kwenda baharini. Asubuhi jua huwaua.

Wanaoifuata njia ya sawa nao wana maadui. Kaa huwangoja mchangani. Kunguru huwadonoa. Majini kuna samaki wakubwa na papa. Waliobaki huchukuliwa na mikondo hadi bahari kuu, na huko hukaa miaka kadhaa kabla ya kurudi karibu na pwani. Kukomaa kwao huchukua miaka 20 hadi 40, na hata zaidi.

HESABU YA MAYAI

Tufanye hesabu kidogo. Jike mmoja akitaga mara nne kwa msimu, kila mara mayai 100, jumla ni mayai 400. Mtu anaweza kusema, "Mayai 400 ni mengi! Tukichukua 100 hasara iko wapi?"

Wataalamu hukadiria kwamba, katika mayai 1,000, pengine mmoja tu ndiye atakayefika utu uzima. Basi mayai 400 ya msimu mzima hayatoshi kumpata hata kasa mmoja mzima. Jike anahitaji misimu mitatu hivi ili amwache mmoja. Na ili kujaza nafasi yake na ya mume wake, anahitaji kuwaacha wawili. Kiota kimoja kikichimbwa, si utajiri uliopunguzwa kidogo. Ni mbegu iliyoliwa.

Hatari ya kuchimba mayai ni kwamba hasara haionekani mapema. Tuseme kijiji kimechimba kila kiota kwa miaka 20. Majike wataendelea kuja, maana hao ni wale walioanguliwa zamani. Watu watasema, "Mbona kasa bado wapo?" Kisha wazee hao watakufa mmoja mmoja, na nyuma yao hakuna vijana. Ghafla ufuko utakuwa mtupu.

Mambo hayo yametokea. Huko Terengganu, nchini Malaysia, kasa wa aina kubwa kuliko wote, wale wenye mgongo kama ngozi, walitaga zaidi ya viota 10,000 kwa mwaka katika miaka ya 1950. Kwa miaka mingi watu walichukua karibu mayai yote. Wengine walinaswa katika nyavu baharini. Kufika mwisho wa karne, kumwona hata mmoja akitaga ilikuwa bahati.

KUVUMILIA KUNALIPA

Sasa tutazame mfano mwingine, huu wa karibu nasi. Katika nchi ya Shelisheli kuna kisiwa cha Aldabra. Zamani kasa walichinjwa huko kwa wingi sana, nyama yao ikauzwa. Mwaka 1968 kuwaua kasa wa Aldabra kulikatazwa. Wakati huo viota vilikuwa 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Watu walivumilia. Baada ya miaka 50 hivi viota vilizidi 15,000 kwa mwaka.

Kasa wa Shelisheli hawakai huko tu. Baadhi yao wamefungwa vyombo vidogo mgongoni vinavyopeleka habari kwa setilaiti. Wengine wakitoka kutaga wameonekana wakija hadi pwani ya Tanzania na nchi jirani kula majani ya bahari. Kwa hiyo kasa anayenaswa katika wavu wa mvuvi wetu leo anaweza kuwa yule ambaye wenzetu wamemtunza miaka 50.

Hapa nchini, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Ilikuwa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Tangu mwaka 2001 wanavijiji wa Mafia wamekuwa wakilinda viota pamoja na shirika la Sea Sense. Vijana waliofundishwa hutembea fukweni asubuhi kutafuta nyayo za kasa. Katika kisiwa cha Juani kuna fukwe zinazotazama bahari kuu, na huko kasa hutaga sana.

Mpango wao ni rahisi. Mtu akiona kiota, huwaarifu walinzi badala ya kukichimba. Hulipwa kiasi kidogo. Mayai yakianguliwa hulipwa tena, kulingana na idadi ya watoto waliotoka. Kiota kikiwa mahali ambapo maji yatakifikia, walinzi hukihamisha hadi juu. Wageni pia huenda Juani kuona watoto wakitoka, na sehemu ya fedha wanazolipa husaidia kijiji. Hivyo kiota kilichoachwa mchangani kimekuwa na faida kuliko kilichochimbwa.

Matunda ya kazi hiyo yatachukua muda kuonekana. Lakini duniani kote dalili ni nzuri. Mwezi Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kasa huyu katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Idadi yake duniani imeongezeka kwa asilimia 28 hivi tangu miaka ya 1970. Hii si ruhusa ya kumla. Aliongezeka kwa sababu watu wa nchi nyingi waliacha kumuua. Tena katika sehemu nyingine za dunia bado anapungua. Na ng'amba hayumo katika habari hii njema. Yeye bado yuko katika hatari kubwa kabisa.

NYAMA INAYOUA

Katika visiwa na vijiji vingi vya pwani, nyama ya kasa ilihesabiwa kuwa kitoweo cha heshima. Wengine waliinunua, wengine waligawiana na majirani. Lazima tuseme wazi: nyama hiyo inaweza kuwa na sumu.

Mwezi Novemba 2021 watu 7 walikufa huko Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, msiba ulikuja tena. Watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Wote walikuwa wamekula nyama ya kasa.

Inadhaniwa kwamba sumu hiyo hutokana na vitu ambavyo kasa amekula baharini. Kasa mwenyewe haonekani mgonjwa. Nyama yake haina harufu mbaya wala rangi ya kigeni. Kuchemsha hakuondoi sumu. Kukaanga hakuondoi. Kukausha hakuondoi. Mtu anaweza kula kasa mara kumi asidhurike, na wa kumi na moja akamuua. Ng'amba ndiye anayejulikana zaidi kwa sumu hii, lakini kasa wengine pia wamewahi kuua watu.

Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kuumwa tumbo, kuwashwa na kuungua mdomoni na kooni, vidonda vya ulimi na kusinzia sana. Mgonjwa anaweza kuzimia. Hakuna dawa inayoondoa sumu hii. Daktari anaweza tu kumsaidia mgonjwa ili mwili wake ushindane nayo. Watoto wadogo ndio hufa zaidi. Hata mtoto anayenyonya anaweza kufa kwa sumu iliyopita katika maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo.

Mtu aliyekula akiona dalili yoyote, apelekwe hospitali au kituo cha afya mara moja. Waliokula pamoja naye waende pia, hata kama hawajisikii vibaya. Wasione haya kusema walichokula. Kuficha kunaweza kuua.

Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Baba anayeleta nyama ya kasa nyumbani hakusudii ubaya. Anataka watoto wale. Basi ajue kwamba watoto ndio wa kwanza kuumia.

KASA AKINASWA KATIKA WAVU

Mvuvi mmoja atauliza, "Mimi sikumtafuta. Kaingia mwenyewe katika jarife langu, kalichana. Nani atanilipa wavu wangu?"

Swali hilo ni la haki. Wavu ni mali, tena ni ghali. Sehemu nyingi hakuna anayelipa. Huko Watamu, nchini Kenya, tangu miaka ya 1990 kuna watu wanaopokea taarifa za wavuvi walionasa kasa. Humpa mvuvi fedha kidogo kwa kazi yake, humpima kasa na kumrudisha baharini. Maelfu ya kasa wameokolewa hivyo. Vijiji vyetu vinavyopata fedha za wageni vinaweza kujadili jambo kama hilo katika mikutano yao.

Lakini hata pasipo malipo, sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza kumvua kasa, kumuua, na kuwa na nyama, mayai au gamba lake. Mvuvi aliyemnasa bila kukusudia amwachie.

Kasa akitolewa wavuni akiwa amelegea, usidhani amekufa. Mlaze kifudifudi, kama anavyoogelea. Usimlaze chali. Inua sehemu yake ya nyuma kwa kiasi cha sentimita 15 au zaidi, ili maji yatoke mapafuni. Mweke kivulini na umfunike kitambaa chenye maji, lakini usizibe pua zake. Usimtupe baharini kabla hajazinduka, maana atazama. Wengine huzinduka baada ya saa nyingi, hata siku nzima.

UFUKO NAO UNA UHAI

Kasa hawezi kutaga mahali pasipo na ufuko. Karibu na Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye mchanga mzuri na miti ya mivinje. Kasa wa aina tatu walitaga hapo. Watu walikata miti, na mawimbi yakaula mchanga usio na mizizi ya kuushika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga tu, na maji makuu hulifunika. Kasa wachache bado huenda kutaga hapo, kwa sababu ndiko kwao. Mayai yao yangeoza kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo walinzi huyahamishia ufuko wa Ushongo, upande wa bara.

Maziwe inatufundisha jambo moja. Kasa hutimiza ahadi yake ya kurudi. Sisi je, atatukuta tumemwachia mahali?

TUFANYE NINI?

Tusile nyama wala mayai ya kasa, tusiuze, na tusinunue. Asiyeuziwa hanunui, na asiye na mnunuzi hachinji.

Ukiona nyayo za kasa au kiota, waarifu walinzi, ofisa uvuvi au serikali ya kijiji. Usiyahamishe mayai mwenyewe. Saa chache baada ya kutagwa, mtoto hujishika upande wa juu wa yai. Ukiligeuza, anakufa.

Ukimkuta kasa anataga, zima tochi, kaa mbali na kaa kimya. Funga mbwa usiku, maana mbwa hufukua viota.

Tusikate miti ya ufukoni, na tusichote mchanga wa ufuko kwa kujengea.

Wanaoishi kando ya bahari wafunike taa zao zisimulike ufukoni.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kuvumilia, na kufanya pamoja. Mtu mmoja akilinda na mwenzake akichimba, kazi ni bure. Kijiji kizima kikikubaliana, watoto wa leo watakapokuwa wazee watawaona ufukoni majike walioanguliwa mwaka huu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kasa anavutwa na wavu na kufa maji, ingawa anaishi baharini?
2. Kijiji kinaweza kuchimba mayai kwa miaka 20 bila kuona hasara. Eleza sababu yake.
3. Jirani amekuletea nyama ya kasa kwa wema. Utamjibuje bila kumvunjia heshima?
4. Je, mvuvi aliyechaniwa wavu na kasa asaidiwe? Nani amsaidie, na kwa fedha zipi?